August Stauch: Mfagia Mchanga Aliyekalia Almasi

Watu wa Malindi, na wengi wetu tuliowahi kuwazuru, twaijua ile nguzo ya Vasco da Gama iliyosimama juu ya mwamba ikitazama bahari. Kwetu nguzo ile ni ukumbusho wa mwaka 1498, pale Mreno huyo alipopokelewa na mfalme wa Malindi akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Lakini nguzo ile ina kaka yake. Miaka kumi kabla, yaani 1488, Mreno mwingine aitwaye Bartolomeu Dias alisimamisha msalaba wa mawe upande wa pili wa bara letu, penye pwani ya majabali na upepo mkali, juu ya ghuba ambayo Wareno waliiita Angra Pequena, maana yake ghuba ndogo. Mahali hapo leo paitwa Lüderitz, katika nchi ya Namibia. Huko ndiko niendako na msomaji wangu leo, kumtazama mtu mmoja aliyeingia mji huo akiwa mgonjwa wa kifua, akawa tajiri wa kutajwa, kisha akafa hana kitu.

Mtu huyo ni August Stauch, Mjerumani. Kisa chake hakisimuliki, hata hivyo, bila ya kutajwa mtu mwingine, kibarua mweusi aliyeitwa Zacharias Lewala. Huyu wa pili ndiye aliyeinama. Yule wa kwanza ndiye aliyenyosha mkono akapokea.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Mtu wa Lamu au wa Mombasa akishuka Lüderitz atadhani amefika mwisho wa dunia. Hakuna mnazi, hakuna mwembe, hakuna hata kichaka cha kujitia kivulini. Nyumba zimekaa juu ya majabali matupu, nyuma yake ni jangwa la Namib, mbele yake ni bahari ya maji baridi ambayo mtu wa kwetu akitia mguu ataurudisha upesi. Upepo wa kusini huko si kama kusi yetu yenye msimu wake wa kuja na wa kwenda. Huvuma sehemu kubwa ya mwaka, ukichukua mchanga na kuumwaga popote upendapo. Asubuhi ukungu hutoka baharini ukafunika kila kitu. Mvua ni kitu cha kuhadithiana. Watu wa mji huishi kwa samaki, kwa kamba mawe, kwa bandari, na kwa wageni wanaokuja kutazama majumba ya Kijerumani yenye mapaa ya mteremko na lile kanisa lililojengwa juu ya mwamba mwaka 1912, ambalo Kaiser Wilhelm wa Pili alilipelekea kioo cha rangi kuwa hidaya.

Jina la mji ni la mfanyabiashara wa tumbaku wa mji wa Bremen, Adolf Lüderitz. Mwaka 1883 alimtuma mjumbe wake, Heinrich Vogelsang, kwa Josef Frederiks, mkuu wa Wanama wa Bethanie, naye akainunua ghuba ile na ardhi ya maili tano kuizunguka kwa pauni 100 na bunduki 200. Miezi michache baadaye ukaandikwa mkataba wa pili, wa pwani yote hadi mto Orange, na kuingia ndani maili ishirini. Mkuu Frederiks alizijua maili za Kiingereza, ambayo kila moja ni kama kilomita moja na nusu na kidogo. Mkataba ulizitaja maili za kijiografia za Kijerumani, ambayo kila moja ni zaidi ya kilomita saba. Mzee akatia alama yake akidhani ametoa ukanda mwembamba wa mchanga, kumbe ametoa karibu nchi yake yote. Sisi watu wa pwani hii neno maili halitupiti hivi hivi. Miaka mitatu tu baada ya hapo, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikaa pamoja wakampimia Sayyid Barghash maili zake kumi. Yaonekana karne ile Wazungu walikuja Afrika na kamba ya kupimia ambayo wao peke yao walijua urefu wake.

Lüderitz aliutaka ule mchanga kwa sababu ya madini. Alitafuta shaba, alitafuta dhahabu, alitumia mali yake yote, na mwaka 1885 akalazimika kuiuza nchi kwa kampuni ya kikoloni. Mwaka 1886 alikwenda kuchunguza mdomo wa mto Orange, akatweka chombo kidogo kurudi kwa njia ya bahari, na hakuonekana tena. Alikuwa amekwisha kuyakanyaga asiyoyaona.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1904 Waherero waliinuka dhidi ya Wajerumani, na Wanama wakafuata. Jenerali Lothar von Trotha akatoa amri ya kuwaangamiza Waherero, na ikatekelezwa. Waliosalia, wanaume kwa wanawake na watoto, walikusanywa makambini. Kambi mbaya kuliko zote ilikuwa hapo Lüderitz, kwenye Kisiwa cha Papa, mwamba mtupu unaopigwa na upepo na mawimbi, ambao siku hizi umeunganishwa na mji kwa njia ya mawe. Kuanzia 1905 hadi Aprili 1907 mahabusu waliwekwa hapo katika mahema na matambara, wakala mchele wasioujua kuupika, wakafa kwa baridi, kwa maradhi na kwa kazi. Cornelius Fredericks, kiongozi wa vita wa Wanama wa Bethanie, alifia hapo Februari 1907. Alikuwa wa ukoo ule ule uliouza ghuba kwa maili zisizojulikana.

Kazi ya mahabusu hao ilikuwa kujenga gati na kutandika reli ya kutoka Lüderitz kuingia bara. Hesabu za Wajerumani wenyewe zaonyesha kwamba kati ya Januari 1906 na Juni 1907, katika mahabusu 2,014 waliotumika kwenye reli hiyo, walikufa 1,359. Naomba msomaji aishike hesabu hii, maana juu ya reli hiyo ndiyo bahati ya August Stauch ilikopita.

Stauch alizaliwa Januari 1878 katika kijiji cha Ettenhausen, karibu na mji wa Eisenach, jimbo la Thuringia. Hakuwa mtoto wa wakubwa. Alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi wa reli, akaoa mke aitwaye Ida, wakapata watoto, na maisha yake yangalikuwa ya mtumishi wa reli kama maelfu ya watumishi wengine, lau si pumu. Kifua kilimbana katika baridi na unyevu wa kwao. Ikaonekana hewa kavu ya jangwani itamfaa, na kampuni yake ilikuwa na kazi katika koloni la Afrika ya Kusini Magharibi. Basi mwaka 1907 akamwacha mke na watoto, akapanda meli. Alifika Lüderitz majuma machache tu baada ya kambi ya Kisiwa cha Papa kufungwa.

Alipewa usimamizi wa kipande cha reli cha kilomita kama ishirini, na makao yake yakawa kituo kidogo kiitwacho Grasplatz, maana yake mahali pa majani. Majani yenyewe hayakuota hapo. Zamani za magari ya ng'ombe ndipo palipowekwa malisho ya wanyama waliovuka jangwa. Kazi ya Stauch ni rahisi kuieleza na ni ngumu kuifanya: kuzuia mchanga usifunike reli. Katika nchi ile matuta ya mchanga hutembea. Leo liko hapa, baada ya siku kadhaa limekwenda kule, na likipita juu ya reli, treni haipiti. Vibarua walikuwa na masepetu, wakifagia na kuzoa kutwa. Wakilala, upepo hufanya zamu yake. Asubuhi huanza upya.

Mtu mwingine angaliishi pale kwa kulewa na kuhesabu siku za kurudi kwao. Stauch alikuwa na tabia ya udadisi. Alipenda mawe, alipenda kujua kila kitu kimetoka wapi na kimefikaje. Aliwaambia vibarua wake kwamba yeyote akiona kijiwe kisicho cha kawaida, amletee.

Miongoni mwa vibarua hao alikuwamo Zacharias Lewala, aliyetoka upande wa Rasi, Afrika Kusini. Huyu hakuwa mgeni wa mawe. Alikuwa amepata kufanya kazi katika migodi ya Kimberley, kulikochimbwa almasi tangu miaka ya 1870, na macho yake yalikuwa yamezoea kile ambacho macho ya Adolf Lüderitz hayakuzoea. Mwezi wa Aprili 1908, akiwa na sepetu yake kwenye mchanga wa reli, aliona kitu kinang'aa. Akainama, akakiokota, akakitambua.

Hapa mimi husita kila mara nisomapo kisa hiki. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alitusomesha habari za vitu vya kuokota, kwamba mwenye kuokota mali ya mtu huitangaza mwaka mzima kabla ya kuitia mkononi. Mchanga wa Namib haukuwa umepotezwa na mtu, labda wale Wanama. Lakini Lewala hakuhitaji mlango wowote wa fikihi. Alikuwa na kijiwe kidogo cha kutosha kufichwa chini ya ulimi, alikuwa anajua bei yake kuliko mtu yeyote katika jangwa lile, na Rasi alikotoka hakukuwa mbali kwa mtu mwenye nia. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa msimamizi wake akamkabidhi.

Stauch alikitwaa, akakisugua kwenye kioo cha saa yake, kikakata mchoro. Akajua.

Alilolifanya baada ya hapo lilikuwa la busara ya kibiashara na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Alinyamaza. Akatafuta haki ya kuchimba juu ya eneo kubwa la mchanga uliozunguka pale, akajiunga na wenzake wachache wakiwamo wahandisi wa reli, akaacha kazi ya kufagia. Mwezi Juni mtaalamu wa mawe wa serikali, Dakta Paul Range, alithibitisha kwamba hizo ni almasi, na habari ikatoka. Lüderitz ikarukwa na akili. Wenye maduka wakafunga maduka, mabaharia wakaacha meli, makarani wakaacha kalamu, kila mtu akakimbilia jangwani kupiga vigingi. Bei ya chupa ya maji ikawa ya kuulizwa mara mbili.

Na Lewala? Hakupewa kitu. Hakupata sehemu, hakupata zawadi, jina lake halikutiwa katika kampuni yoyote. Wahenga wetu walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Chanda kile kiliokota jiwe la pete yenyewe, na pete ikavikwa kwingine.

Sitaki msomaji adhani kwamba Stauch alikuwa mtu katili. Waliomwandika wanamweleza kuwa mtu mpole, mwenye bidii, asiyependa makuu, mkarimu kwa rafiki zake. Sheria ya koloni haikumdai kitu kwa Lewala, na desturi ya wenzake haikumwonyesha kwamba kuna deni. Lakini mkarimu kwa rafiki zake amsahauye aliyemtia mkononi jiwe la kwanza, ukarimu wake una tundu mahali fulani.

Mwisho wa mwaka ule wa 1908 Stauch alifunga safari ya kusini, kuelekea upande wa Pomona, pamoja na mtaalamu wa mawe Profesa Robert Scheibe. Jioni moja wakapiga kambi katika bonde. Inasimuliwa kwamba mtumishi wake, jina lake Jakob, alikuwa akitafuta kuni, na Stauch akamwambia kwa mzaha kwamba heri atafute almasi. Jakob akapiga magoti, akaanza kuokota. Akajaza mkono mmoja, akajaza wa pili, mikono ikawa haitoshi akatia mdomoni. Almasi zilikuwa zimelala juu ya mchanga, hazikuchimbiwa. Mwezi ulipochomoza ziling'aa. Stauch aliliita bonde lile Idatal, bonde la Ida, kwa jina la mkewe.

Wataalamu wameeleza namna almasi zilivyofika huko, na maelezo yao ni ya ajabu kuliko ngano. Zilizaliwa ndani kabisa ya ardhi, mbali sana bara, upande wa Afrika Kusini. Kwa mamilioni ya miaka mvua ilizichimbua, mto Orange ukazibeba hadi Atlantiki, mkondo wa bahari ukazisukuma kaskazini kandokando ya pwani, mawimbi yakazitupa ufuoni, na ule upepo usiopumzika ukapeperusha mchanga mwepesi ukaziacha juu. Safari hiyo ndefu ilizivunja mbovu zote. Zilizofika ndizo zilizo nzima, na ndiyo sababu almasi za pwani ile husifiwa kwa usafi.

Almasi za kuokotwa kwa mkono zilihitaji mikono. Ziko picha za zama hizo zinazoonyesha vibarua wamepangwa safu moja, wamepiga magoti au wamelala kwa matumbo, wakitambaa mbele polepole, kila mmoja na kopo lake, na nyuma yao Mzungu amesimama. Wengi wao walikuwa Waowambo waliotolewa kaskazini ya nchi kwa mkataba, wakafungiwa makambini muda wote wa mkataba wao na kupekuliwa siku ya kutoka.

Serikali ya Kijerumani haikuchelewa. Septemba 1908 waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, yule yule aliyezuru Dar es Salaam mwaka mmoja kabla, alitangaza kuwa nchi yote kutoka nyuzi 26 za kusini hadi mto Orange, na kilomita 100 kuingia bara, ni eneo la kufungwa. Jina lake likawa Sperrgebiet, nchi iliyopigwa marufuku. Ukitazama ramani utaona kwamba ni ile ile karibu aliyoiuza mzee Frederiks. Mwaka 1912 almasi za koloni lile zilifika karati milioni moja, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya almasi zote zilizotolewa duniani mwaka huo.

Kilomita kama kumi kutoka Lüderitz ukaota mji wa Kolmanskop, uliopewa jina la mchukuzi mmoja, Coleman, aliyewahi kuliacha gari lake la ng'ombe hapo kwa sababu ya tufani ya mchanga. Wajerumani kama mia tatu na watoto wao waliishi humo kama wako kwao. Walikuwa na shule, mkate wa moto, bucha, ukumbi wa michezo na muziki, hodhi la kuogelea, na hospitali yenye mashine ya eksirei wakati ambapo nchi nyingi za kusini hazijaiona. Mashine hiyo ilitazama mifupa, na ilitazama pia matumbo ya vibarua waliodhaniwa wamemeza mawe. Kilikuwapo na kiwanda cha barafu, na kila nyumba ililetewa kipande chake kila siku bila malipo. Barafu jangwani, ambako maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town! Vibarua mia nane wa Kiowambo walikuwa upande wa pili, katika mabweni.

Stauch alikuwa sasa mtu mkubwa. Kampuni zake zilikuwa nyingi, fedha zake zilikuwa Ujerumani na Afrika, amenunua mashamba makubwa, anaulizwa rai na watawala. Pumu iliyomleta ilikuwa imempa kuliko afya. Mwenzake mmoja katika kampuni, mhandisi Sönke Nissen, alikufa 1923, na mali yake ilisaidia kupora ardhi kutoka baharini huko kwao kaskazini ya Ujerumani. Nyumba za wakulima wa huko hadi leo zina majina ya vituo vya reli vya Namibia. Mtu huchekesha: upande huu jangwa linakula nyumba, upande ule fedha za jangwa zinakula bahari.

Mwaka 1914 vita vikuu vikaanza. Septemba hiyo hiyo majeshi ya Afrika Kusini yalishuka Lüderitz, na Julai 1915 Wajerumani wa koloni wakasalimu amri. Baada ya vita, wenye migodi wa Kijerumani, Stauch akiwa mmoja wao, walijua kwamba wakisubiri watanyang'anywa. Waliuza. Mnunuzi alikuwa Ernest Oppenheimer, Mjerumani wa kuzaliwa aliyekuwa Afrika Kusini, na mwaka 1920 migodi yote ikawa chini ya kampuni yake moja.

Stauch alitoka na fedha za kumtosha yeye na wajukuu wa wajukuu zake. Lakini mali ni kama matuta ya Namib. Alizitia katika biashara nyingi, huku na huko, na yeye hakuwa mtu wa kukaa na daftari jioni. Alipenda kuanzisha kuliko kutunza. Ujerumani ikapitia miaka ya fedha kuoza, pale noti ya asubuhi isipoweza kununua kitu jioni. Kisha mwaka 1929 masoko ya dunia yakaporomoka, na katika miaka iliyofuata kilichokuwa kimesimama kikaanguka. Almasi hazikununuliwa, mashamba yalipigwa na ukame, wadai wakabisha hodi. Mtu aliyekuwa na bonde lililojaa vito kwa jina la mkewe akawa mfilisi.

Kolmanskop nayo ilikuwa inakufa. Mnamo 1928 ziligunduliwa almasi kubwa zaidi karibu na mdomo wa mto Orange, pale pale Adolf Lüderitz alipopotelea, na kampuni ikahamishia nguvu zake huko. Mwaka 1943 makao makuu yakahamia mji mpya wa Oranjemund. Watu wa Kolmanskop wakafungasha mmoja mmoja. Wa mwisho waliondoka 1956.

Stauch alirudi Ujerumani. Vita vya pili vikamkuta huko, na vilipokwisha mwaka 1945 sehemu ya kwao iliangukia upande wa Warusi. Mji wa Eisenach ulikuwa na njaa kama miji mingine. Saratani ya tumbo ikamshika. Mwaka 1947 alifariki huko, mwendo mfupi kutoka kijiji alichozaliwa, akiwa na umri wa miaka 69. Inasemekana mfukoni mwake mlikuwa na marki mbili na nusu.

Namibia ilipata uhuru wake mwaka 1990. Miaka minne baadaye serikali ikawa mshirika nusu kwa nusu na kampuni ya De Beers katika almasi hizo, na siku hizi nyingi hutolewa baharini na meli zinazonyonya mchanga wa chini. Ile nchi ya marufuku ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, ikapewa jina la Wanama, Tsau ǁKhaeb. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyofanywa kwa Waherero na Wanama yalikuwa mauaji ya halaiki. Kwenye Kisiwa cha Papa wageni hupiga mahema yao ya mapumziko.

Na mgeni akitoka Lüderitz kwa kibali kwenda Kolmanskop atazikuta nyumba za mameneja zingali zimesimama, za daktari, za mwalimu, za mhasibu. Milango imeachwa wazi kwa kuwa haifungiki. Mchanga umeingia kwa madirisha ukapanda hadi kiunoni, katika vyumba vingine hadi karibu na dari, na kwenye kuta ungali unaona karatasi za maua zilizoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Njia ya reli iko karibu. Miaka mingi baada ya Stauch na Lewala, mafundi walioitengeneza upya walikuta tatizo lao ni lile lile, na watu wangali wanatumwa na mashine na masepetu kuutoa mchanga kwenye mataruma, kwenye kipande kile kile cha njia ya Grasplatz.